Tangi Juu ya Sebule ya Mama Ciru

Nairobi iko na mafundi wa aina mbili. Kuna wale wa "haina shida," na hao ni wengi kama mashimo ya barabara. Halafu kuna Stellah Kasiva, ambaye ni wa "wacha nione kwanza." Muite akuwekee solar ya maji moto, na kabla hujamaliza kumpea chai ashaitisha ngazi, ashaingia darini, anatambaa huko juu na tochi mdomoni kama paka anatafuta mahali pa kuzalia. Anagonga mbao, anaweka sikio, anagonga tena. Anashuka na utando wa buibui kwa nywele, ndio sasa anakunywa chai, na imeshapoa.

Kule Ngara anakonunua mabomba, wauza duka walimbatiza Stellah wa Darini. Akipita wanamuuliza, "Panya wako salama?"

"Wanakusalimia," anawajibu bila kusimama. "Wanasema wewe ndio kifungua mimba wao."

Tabia hiyo alitoa kwa mjomba wake Kitavi, fundi wa mabomba aliyemfunza kazi tangu amalize fomu four. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anamwambia tu kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtu akikuitisha tangi ya lita mia mbili juu ya nyumba yake, jua amekuitisha umuwekee ng'ombe mchanga kwa paa. Na ng'ombe lazima asimame juu ya kitu.

Miaka minane Stellah hakuwahi kuweka ng'ombe bila kuona inasimama wapi. Aliweka mara moja tu. Mwezi wa saba mwaka huu, Dagoretti, kwa Mama Ciru.

Mama Ciru jina lake ni Waithera. Anauza matumbo karibu na kichinjio, na matumbo haioshwi na maji ya moto, kwa hivyo tangu saa kumi na moja asubuhi mikono yake huwa kwa karai ya maji baridi. Vidole vimevimba hadi pete ya ndoa anavaa kwa cheni shingoni. Nyumba yake ameijenga miaka tisa, jiwe kwa jiwe, bila mkandarasi na bila ramani. Ramani ilikuwa kichwani, na ilikuwa inabadilika kulingana na kitu Ciru, msichana wake, ameona kwa simu wiki hiyo.

Sasa chama chake cha akina mama, ishirini na watatu, wakaamua mwaka huu itega itakuwa kwake. Itega ni ile siku wanawake wanakuja kwako kwa wimbo na zawadi, unawafungia geti, mnaimbiana matusi matamu hadi umewaingiza. Wakachanga wakanunua solar ya maji moto, tangi moja refu kama jeneza la chuma na vioo vyake kumi na nane, na wakamuita Stellah.

"Lakini ni surprise," akasema Debra, mwenyekiti. Debra ni mwalimu mkuu mstaafu, na bado anaongea na watu wazima kama wamechelewa assembly. "Waithera ameenda Nyahururu kwa dadake hadi Ijumaa. Sisi tuko na kifunguo cha geti. Cha nyumba hatuna."

"Mama, mimi lazima niingie darini."

"Dari utaingia siku ingine. Panda na nje."

Stellah akapigia fundi aliyejenga paa, mtu anaitwa Muigai. Muigai akamwambia paa iko imara, mbao zote za katikati zimekalia ukuta wa kati ya jikoni na sebule, weka tangi hapo juu, hata ukitaka weka mbili. Stellah akazunguka nyumba. Dirisha la jikoni lilikuwa kushoto, la sebule kulia, pazia zote zimefungwa. Ukuta lazima uko katikati. Utaenda wapi? Akaweka tangi, akafunga mabomba, akaacha kavu kwa sababu maji ya mfereji huku huja Jumamosi. Usiku huo alijiambia mara tatu kwamba iko sawa, na mtu ambaye kitu iko sawa huwa hajiambii mara tatu.

Ijumaa Waithera akarudi. Na hapa ndipo mambo inakuwa ya ajabu, kwa sababu tangi ilikuwa juu ya nyumba yake, inang'aa, unaiona tangu barabarani. Lakini zawadi ya itega huioni kabla ya kupewa. Hiyo ni adabu. Kwa hivyo Waithera akaingia kwa geti akiangalia viatu vyake, akapita, akafungua mlango, na hadi Jumamosi asubuhi hakuwa amemuuliza mtu yeyote kwa nini paa lake limeota pembe.

Jumamosi saa nne Stellah akafika kufungua maji. Baridi ilikuwa ile ya Julai, ya mawingu kukalia watu kichwani. Akamkuta Waithera nyuma ya nyumba akilisha kuku.

"Umekuja kuangalia kuku, msichana wangu?" Waithera akauliza, macho chini kabisa.

"Eeh, mama. Kuku."

"Wako wazima?"

"Wamenona sana."

"Angalia vizuri basi. Mimi naenda ndani nisikusumbue." Na akaenda, akitembea kama mtu ameshikiliwa kidevu.

Stellah akacheka peke yake, akafungua valvu. Akasikia maji ikipanda kwa bomba, shwaaa, pole pole. Tangi ingejaa kwa saa moja na kitu. Wanawake wangefika saa tano, waimbe, waingie, waombe, halafu Debra afungue mfereji mbele ya watu na kila mtu apige ngemi, vile vigelegele vya Kikuyu. Mpango mzuri.

Saa tano wakafika. Kwa geti waliimba hadi kuku wakanyamaza. Waithera akawaambia kwa wimbo kwamba yeye hawajui, wanafanana na watu wa kuuza sufuria. Wao wakamjibu kwamba wamesikia huku kuna mwanamke anaoga mara moja kwa mwezi. Kicheko, ngemi, geti ikafunguka. Wakamwagika ndani na masufuria ya githeri, na jiko mbili za makaa kwa sababu ya baridi. Stellah akaingia nyuma yao, mtu wa mwisho, akipanguza viatu.

Akainua macho.

Hakukuwa na ukuta.

Pale ukuta ulipaswa kuwa palikuwa na hewa. Jikoni na sebule zilikuwa chumba moja kubwa, ukumbi mzima, dari mpya ya gypsum nyeupe pe, taa za duara zimepangwa kama kwa hoteli. Viti vimejaa kutoka mlango hadi kwa sinki. Na katikati kabisa, kwa kiti kikubwa cha heshima, akiwa na blanketi magotini na kikombe cha chai mkononi, alikuwa shosho Hannah, mama mkwe wa Waithera, miaka themanini na nne.

Stellah akahesabu vigae vya sakafu kutoka dirishani. Akahesabu tena. Tangi ilikuwa juu ya shosho. Juu yake kabisa, kama kofia.

"Debra," akamshika mwenyekiti mkono. "Ukuta wa hapa uko wapi?"

"Ukuta gani? Hii inaitwa open kitchen. Aliitoa mwezi wa tano. Si imetoka smart?"

Stellah alikuwa ashatoka na mlango wa nyuma mbio, akafunga valvu, akaangalia saa. Dakika sitini na tano. Tangi ilikuwa na lita mia moja na sabini, ikikosa sana mia moja na sitini. Kilo hizo zote zilikuwa zimekalia mbao ambazo zamani zilikalia ukuta na sasa zimekalia imani.

Akafikiria kupanda juu amwage. Halafu akafikiria kilo zake mwenyewe, sitini na nane, juu ya hizo mbao, na watu ishirini na watano chini. Hapana. Njia ilikuwa moja. Akaingia bafuni na mlango wa pembeni, akafungua shawa ya maji moto hadi mwisho. Maji ikatoka nyembamba kama mkojo wa mtoto. Bomba ya nusu inchi. Hiyo ingechukua dakika arubaini, labda zaidi.

Kwa sebule wakaanza maombi.

Akarudi, akasimama nyuma ya Debra, akamnong'oneza kwa sikio. "Lazima watu watoke. Sasa hivi. Paa haina kitu inashikilia."

Debra hakufungua macho. "Tukimaliza kuomba."

"Nani anaomba?"

"Philister."

Manze. Philister akishika maombi huanzia Mwanzo. Hapo alikuwa anashukuru kwa mvua ya mwaka jana.

"Mama Debra, aki—"

"Stellah. Hatuaibishi mwenye nyumba mbele ya wageni. Ngoja."

Stellah akangoja. Alingoja na macho juu. Dari ilikuwa safi, laini, haisemi kitu, na hiyo ndiyo shida ya gypsum, inakuwekea sura ya ofisi na nyuma yake mambo inaharibika. Shawa ilikuwa inalia huko bafuni. Jiko mbili zilikuwa zimefanya chumba iwe na joto ya mkate, madirisha yamefungwa yote, na Stellah alijua hata hiyo si sawa, makaa inataka dirisha wazi, lakini mtu huwezi kuogopa vitu viwili kwa wakati mmoja.

Ka.

Sauti ndogo. Kama mtu amevunja kidole cha mkono. Hakuna aliyegeuka. Philister alikuwa amefika kwa wagonjwa.

Laini nyembamba ikatokea kwa dari, kutoka taa moja hadi ya pili. Nyembamba kama unywele. Na vumbi nyeupe ikashuka taratibu, ikatua kwa chai ya shosho Hannah.

Shosho akafungua jicho moja. Akaangalia kikombe. "Nani ananiongezea sukari? Mimi daktari alinikataza."

"Amina," akasema Stellah kwa nguvu, katikati ya sentensi ya Philister.

Vichwa vyote vikainuka.

"Samahani. Mama zangu, tunatoka nje. Kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, bila kukimbia. Hii upande ya kati isipitwe."

"Kuna nini?" akauliza Waithera. Alikuwa amesimama kando ya friji na leso mpya, na uso wake ulikuwa umeshaanza kufunga kama duka.

"Mama Ciru, ni huko juu."

"Juu?" Waithera akashusha macho sakafuni haraka. "Juu kuna nini? Mimi sijui kitu iko juu."

Stellah alikuwa amewahi kubishana na watu wa kila aina. Wenye nyumba, wauzaji wa mabomba feki, askari wa geti. Lakini hakuwa amewahi kubishana na adabu. Kila mtu hapo ndani alijua kuna tangi juu. Wote walikuwa wanamngoja mtu mmoja wa kujifanya hajui.

"Kuna tangi," akasema. "Ile umeiona tangu jana, mama. Nimeiweka mimi. Niliweka bila kuingia ndani, bila kuona kama chini kuna ukuta, na chini hakuna. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine hapa. Lakini iko na maji, na inashuka."

Debra akavuta hewa kama mtu amemwagikiwa na supu. Kuna mama mmoja akasema "Ngai," polepole. Kuharibu wimbo wa itega mbele ya mwenyewe, na ufanywe na fundi, tena msichana wa Kikamba wa juzi! Hiyo ilikuwa hadithi ya kubebwa hadi Krismasi.

"Unaniambia nyumba yangu inaanguka," Waithera akasema. "Leo. Mbele ya chama."

"Nakuambia shosho atoke kwa hicho kiti."

"Mimi siendi kwa baridi," akasema shosho Hannah, akajifunga blanketi. "Nimekaa. Hao wengine waende."

Ka. Mara hii wote walisikia.

Waithera akainua macho. Mara ya kwanza tangu Ijumaa, akaangalia juu, akaona laini, na laini sasa ilikuwa pana ya kuingiza kucha. Akaangalia kule mwanzo wa jikoni, mahali ambapo yeye mwenyewe, na nyundo ya kuazima, alikuwa amepiga jiwe la kwanza la ule ukuta huku Ciru akimpiga video.

"Hiyo ukuta nilibomoa mimi," akasema. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya sokoni, ya kusukuma watu kwa foleni. "Haya! Nje! Nje nyote! Philister, Mungu amesikia! Wacha hiyo githeri, githeri haiachi yatima! Toa jiko hizo!"

Wakatoka. Si mmoja mmoja, na si bila kukimbia, lakini wakatoka wakipita kandokando ya kuta. Stellah na Waithera wakamwinua shosho na kiti chake, mmoja kila upande, kwa sababu hakukubali kusimama. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Wakakwama. Stellah alisikia mgongo wake wote ukisikiliza juu.

"Mnanipindua," shosho akalalamika.

"Shosho, shika shingo yangu."

"Mikono yako ni baridi."

"Shika tu, shosho wangu!"

Akashika. Stellah akamtoa kwa kiti kama unatoa mkate kwa moto, akamvusha mlango kifuani, na Waithera akaja nyuma na blanketi.

Nje baridi ikawapokea bila huruma. Wanawake wakasimama kati ya kuku, mikono kwapani, wakizunguka zile jiko mbili, na nyumba ikasimama pia. Haikuanguka. Dakika kumi. Dakika ishirini. Shawa iliendelea kukojoa.

Na hapo minong'ono ikaanza, kwa sababu hatari ambayo haitokei ni kama mgeni aliyesema anakuja asije, lazima asengenywe. Ati kumbe ilikuwa tu rangi. Ati vijana wa siku hizi wanapenda drama. Debra alikuja akasimama karibu na Stellah bila kumwangalia. "Kama hiyo paa iko sawa," akasema, "sijui nitawaambia nini hawa."

Stellah alijua. Kama paa ilikuwa sawa, jina lake lilikuwa limeisha kutoka hapa hadi Adams Arcade, na wangekuwa na haki. Alitamani iwe sawa. Alitamani pia isiwe. Alijichukia kidogo kwa hiyo ya pili.

Dakika hamsini, shawa ikatoa pumzi mbili, ikanyamaza. Jirani alikuwa anajenga ghorofa, kwa hivyo miti ya kushikilia slabu ilikuwa imejaa huko. Stellah akaomba mitatu, akaingia nayo na Waithera peke yake. Wakaisimamisha chini ya dari, wakaikaza na vipande vya mbao hadi haikutingika. Ndipo akatoa msumeno.

"Unakata dari yangu mpya," Waithera akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndio, mama."

"Kata."

Akakata mraba wa kutosha kichwa, akapanda ngazi, akaweka tochi mdomoni. Ubao mkubwa wa kati ulikuwa umepasuka urefu wa mkono mzima, kutoka begani hadi vidoleni. Nguzo tatu fupi zilizokuwa zikisimama juu ya ule ukuta sasa zilikuwa zinaning'inia hewani, miguu wazi, moja bado ina simenti kwa soli. Stellah aliingiza kidole kwa ufa. Kiliingia hadi kiungo cha pili.

Alishuka, akampa Waithera tochi, akamshikia ngazi.

Waithera alikaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka vumbi ilikuwa imemjaa kwa nyusi. Akatoka hadi mlangoni, akasimama mbele ya chama chake.

"Ningeuliza tu," akawaambia. "Jana. Ningeinua kichwa niulize nani amenipandia mnara. Mngeniitia fundi, nikamwambia hapo hakuna ukuta. Lakini nikasema, eh, nitaonekana sina adabu." Akapangusa uso na leso. "Shosho angekufa kwa sababu ya adabu yangu."

"Sijakufa," shosho akasema. "Nataka chai. Isiyo na mchanga."

Kicheko kikatoka, kibovu. Debra akauliza, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuuliza, sasa tangi itawekwa wapi. Stellah akawaonyesha: chini, kando ya bafu, juu ya stendi ya chuma yenye miguu yake kwa zege, mita tatu kwenda juu. Ingetoa maji moto sawa tu, hata kwa hii Julai ya mawingu. Na paa ipate nguzo kabla mtu hajalala hapo ndani. Muigai aitwe, na akuje kwa miguu, si kwa simu.

Alikuwa anakusanya vyombo wakati Philister alimfuata hadi kwa kuku. Alikuwa mwanamke mpole wa Kawangware, na mikono aliyokuwa ameombea ilikuwa imeshikana vile vile.

"Stellah. Ile tangi uliniwekea Disemba."

"Hiyo niliangalia, mama. Niliingia darini kwako mimi mwenyewe. Ukuta ulikuwepo, nene kabisa."

"Ulikuwepo," Philister akasema. Akaangalia kando. "Niliona hii open kitchen ya Waithera mwezi wa tano, nikaipenda. Yangu ni lita mia tatu. Hapo chini ndipo nimepanga vitanda vya watoto."

"Saa hii kuna mtu nyumbani?"

"Wote wako. Ni Jumamosi, na hii baridi... wamelala hapo na mablanketi."

Stellah alikuwa ashabeba ngazi. "Piga simu," akasema. "Waambie watoke nje, na wakipita wafungue mifereji yote ya maji moto. Usiwaelezee. Piga sasa." Philister akatafuta simu kwa mkoba, na nyuma yao Waithera, bila kuulizwa, alikuwa ameshaweka mti mwingine wa jirani begani na anaelekea geti.